Kutoka Kampala hadi Geneva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya utetezi wa haki za binadamu na udiplomasia

Wengi wanaouliza maswali haya ni wanafunzi wa vyuo vya Kampala na Entebbe, wakalimani wa makazi ya wakimbizi, na mara mojamoja mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake atapata cha kula. Anayejibu yuko upande wa utetezi, kwa hiyo usishangae majibu yakiegemea huko.

Mtetezi wa haki za binadamu na mwanadiplomasia, si kazi moja yenye majina mawili?

Hapana. Mwanadiplomasia huisemea serikali yake. Mtetezi huiambia, na mara nyingi ni serikali hiyohiyo. Ingia kwenye ukumbi wa Baraza la Haki za Binadamu pale Geneva uone. Wajumbe wa nchi 47 wanachama wamekaa nyuma ya vibao vyenye majina ya nchi zao. Balozi akishika kipaza sauti, anachosoma kimepita Kampala kikakubaliwa, na maoni yake binafsi hayana nafasi humo. Mtetezi yuko viti vya nyuma, na hata hapo shirika lake lazima liwe na hadhi ya ushauri ya Umoja wa Mataifa, au liazimwe nafasi na shirika lenye hadhi hiyo. Amepewa dakika moja na nusu, pengine mbili. Muda ukiisha anakatwa, hata kama sentensi aliyoifikia ndiyo iliyobeba jina la marehemu. Baadaye wawili hao wanakutana kwenye foleni ya kahawa, wanasalimiana kwa Kiganda, na kila mtu anaendelea na yake.

Kuna na mtu wa tatu, afisa wa kimataifa. Huyu ameajiriwa na Umoja wa Mataifa wenyewe, na Kifungu cha 100 cha Mkataba wa umoja huo kinamkataza kupokea maagizo ya serikali yoyote, ya kwao ikiwemo. Majaji wa kimataifa wako karibu na kundi hili. Januari 2024, Jaji Julia Sebutinde, Mganda na mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kukaa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, alipinga hatua zote za dharura zilizoamriwa katika kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israel. Watu wakaijia juu Uganda. Balozi Adonia Ayebare, mwakilishi wetu New York, akajitokeza upesi kusema kwamba kura ile si msimamo wa serikali. Uupende uamuzi wa jaji au uuchukie, hapo balozi alisema kweli: jaji hatumwi.

Yupo Mganda aliyewahi kuvaa kofia hizo zote?

Yupo: Olara Otunnu, mzaliwa wa Mucwini, Kitgum. Historia yake inafaa kusomwa polepole, kwa sababu ina yote yanayotamaniwa katika kazi hii na yote yanayouma.

Alikuwa rais wa wanafunzi Makerere enzi za Idi Amin, akakimbia nchi, akasoma sheria Oxford na Harvard. Amin alipoondoka akarudi kwenye siasa za mpito, na mwaka 1980 akapelekwa New York kuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Uganda kwenye Umoja wa Mataifa. Uganda ilikuwa na kiti cha muda kwenye Baraza la Usalama, na zamu yake ya urais wa baraza ikaangukia Desemba 1981, wakati mbaya kuliko wote. Kurt Waldheim wa Austria alitaka muhula wa tatu wa Ukatibu Mkuu. Afrika ilimsimamisha Salim Ahmed Salim, Mzanzibari. China ikampiga Waldheim kura ya turufu, Marekani ikampiga Salim, raundi baada ya raundi, wiki baada ya wiki. Otunnu, kijana wa miaka 31, akawaendea wote wawili akawaomba wakae pembeni. Halafu akaendesha kura ya majaribio ya siri ili kila mjumbe aonyeshe ni jina gani lingepita na lipi lingezuiwa, bila mtu kuumbuka hadharani. Jina lililobaki limesimama lilikuwa la Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, na ndiye aliyechaguliwa mwezi huohuo. Kura za majaribio zimeendelea kutumiwa na Baraza la Usalama kumtafuta Katibu Mkuu hadi leo. Mpwani angesikitika kwa ajili ya Salim, na ana haki, lakini huo ndio udiplomasia ukifanywa vizuri: humpi mtu anachotaka, unampa njia ya kurudi nyuma bila aibu.

Sasa upande unaouma. Mwaka 1983 Otunnu huyohuyo aliongoza Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, chombo kilichotangulia baraza la leo. Nyumbani vita vya Luweero, kati ya jeshi la serikali na waasi, vilikuwa vinawaka, raia wanakufa, na serikali aliyokuwa akiiwakilisha ilikuwa inalaumiwa. Watu wa Luweero hawajasahau, na usidhani historia itakusahau wewe ukikaa kiti kama kile. Mwaka 1985 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali ya Tito Okello, wakati wa mazungumzo ya amani ya Nairobi. Mkataba ulitiwa saini Desemba; Januari 1986 waasi wa NRA wa Yoweri Museveni wakaichukua Kampala, na Otunnu akawa mkimbizi kwa mara nyingine.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuja baada ya kupoteza vyote hivyo. Kuanzia 1997 hadi 2005 alikuwa Mwakilishi Maalumu wa Katibu Mkuu kuhusu watoto katika vita. Cheo hicho kilizaliwa na ripoti ya Graça Machel ya mwaka 1996, na alipokipokea kilikuwa maneno mazuri tu. Alipoondoka kulikuwa na Azimio namba 1612 la Julai 2005, lililoweka utaratibu wa kukusanya taarifa kuhusu makosa sita: kuua na kulemaza watoto, kuwaingiza jeshini, kuwabaka, kuwateka, kushambulia shule na hospitali, na kuzuia misaada isiwafikie. Makundi yanayofanya hivyo yanatajwa kwa majina kwenye ripoti ya kila mwaka, na majeshi ya serikali hayasamehewi. Mtu wa Kitgum, ambako waasi wa LRA waliteka watoto, aliyajua makosa yale bila kusimuliwa.

Alirudi Uganda mwaka 2009 baada ya miaka 23, akachaguliwa kuongoza chama cha UPC, akagombea urais 2011. Alipata chini ya asilimia 2. Sifa za New York hazipigi kura Lira.

Lazima nisome sheria?

Si lazima, ingawa inasaidia. Winnie Byanyima, anayeongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, tangu 2019 na kabla ya hapo Oxfam, alisomea uhandisi wa ndege. Balozi Ayebare alikuwa mwandishi wa habari. Wako wauguzi, walimu, wataalamu wa takwimu, na siku hizi wanahitajika sana watu wanaoweza kuchambua video na picha za setilaiti.

Ukichagua sheria, jiandae: mtihani wa kuingilia Makerere, miaka minne ya shahada, kisha Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, ambako wengi hurudia mitihani. Baada ya hapo, shahada ya uzamili inayojulikana zaidi katika fani hii barani ni ile ya haki za binadamu na demokrasia ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Ni ya mwaka mmoja, ina ufadhili, na sehemu yake husomwa katika vyuo washirika vya nchi nyingine, Makerere kikiwa kimojawapo. Kwa upande wa uhusiano wa kimataifa, Makerere na Nkumba wana shahada zao.

Jambo moja kuhusu vyeti: usikimbilie uzamili kabla hujafanya kazi hata mwaka. Anayejua mkataba wote kwa moyo lakini hajawahi kukaa na mlalamikaji huonekana kwenye usaili ndani ya dakika tano.

Kila mtu anasema "anza chini". Chini ni wapi?

Ni kwenye daftari la ushahidi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi isiyopigwa picha.

Mama ameingia ofisini asubuhi. Mwanawe amechukuliwa na hiace isiyo na nambari, zile ambazo tangu msimu wa uchaguzi wa 2021 watu wa Kampala wanaziita droni. Analia. Mpe maji, akae, usishike kalamu bado. Akitulia, anza. Ilikuwa saa ngapi? Hana saa, basi ilikuwa kabla ya adhana ya magharibi au baada? Gari lilielekea Kibuye au Ndeeba? Waliteremka wangapi, wenye sare wangapi, viatu vyao vya aina gani? Nani mwingine alikuwepo, yule kijana anayeuza rolex, chapati ya mayai, pale kona aliona? Na swali ambalo wanaoanza hulisahau: hili uliliona mwenyewe au uliambiwa? Alichokiona andika kivyake, alichosikia kivyake. Ukivichanganya, wakili wa serikali atavichambua mahakamani, na ukweli wa mama utaondoka pamoja na uvumi wa jirani.

Saa unayomsumbua nayo ina sababu. Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na saa hizo zinahesabiwa tangu alipokamatwa. Ukiijua saa, unajua ni lini kumshikilia kumekuwa haramu, na wakili anaweza kuomba amri ya Mahakama Kuu mtu atolewe aonekane. Asipopatikana, taarifa hizohizo ndizo zitakazopelekwa kwa Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliopotezwa kwa nguvu, ambacho huwa na utaratibu wa haraka kwa tukio ambalo halijapita miezi mitatu. Geneva haina macho mengine Kampala. Inaona alichoandika mtu aliyekaa na yule mama.

Ukimaliza, msomee yote kwa lugha aliyosemea. Atasahihisha, karibu kila mtu husahihisha kitu. Kisha saini au dole gumba. Halafu muulize jina lake litumike wapi. Anaweza kukubali liende polisi akakataa lisomwe nje ya nchi, au kinyume chake. Liandike jibu lake na uliheshimu, hata kama bila jina hilo ripoti yako itapoa.

Pa kujifunzia pako. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa chini ya Katiba ya 1995, hupokea malalamiko na ina mamlaka ya kusikiliza kesi na kuamuru fidia. Shirika la Foundation for Human Rights Initiative lipo tangu 1991. HURIPEC, kituo cha haki za binadamu na amani, iko ndani ya Shule ya Sheria Makerere. Omba kujitolea, na ukipewa kazi ya kupanga mafaili, yapange. Ukishayasoma mafaili mia ya malalamiko utajua nchi hii inavyoendeshwa kuliko mtu aliyemaliza semina kumi za hoteli.

Kesi ya nyumbani inafikaje mahakama za nje?

Kwa milango mitatu, na kila mmoja una kufuli lake.

Wa kwanza ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Uzuri wake ni kwamba haikulazimishi kumaliza mahakama zote za nyumbani. Ubaya wake ni muda: shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tukio au tangu ulipolijua. Mawakili wengi wazuri wameangukia hapo. Kesi ya kusoma ni ya Katabazi na wenzake. Novemba 16, 2005, watu wenye silaha, waliokuja kuitwa Black Mamba, waliizingira Mahakama Kuu Kampala wakati washitakiwa walipokuwa wamepewa dhamana. Washitakiwa wakarudishwa gereza la Luzira. Arusha ikaambiwa na upande wa serikali kwamba haina mamlaka juu ya haki za binadamu. Novemba 1, 2007 mahakama ikajibu kwamba haitaacha kutafsiri mkataba wa Jumuiya eti kwa sababu shauri limetaja haki za binadamu, na ikaamua kwamba utawala wa sheria umevunjwa. Tangu hapo mlango haujafungwa.

Wa pili ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Hapa lazima uwe umemaliza njia za nyumbani, au uthibitishe kuwa njia hizo zimeziba au zinachelewa kupita kiasi. Inakwenda taratibu. Mwenye haraka asiende Banjul peke yake.

Wa tatu ni Mahakama ya Afrika, nayo iko Arusha, na kwa Mganda wa kawaida umefungwa: Uganda imeridhia itifaki lakini haijatoa tamko la kuruhusu raia na mashirika kushitaki moja kwa moja. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, ililitoa kisha ikalifuta mwaka 2019.

Mbali na mahakama kuna mapitio ya kila nchi kwenye Baraza la Haki za Binadamu, yanayorudi kila baada ya miaka minne na nusu hivi. Uganda ilikaa kwenye kiti hicho 2011, 2016 na 2022. Hapo ndipo mtetezi mwerevu hufanya kazi ya kidiplomasia: miezi kabla ya kikao anazungukia balozi moja moja Kampala na karatasi ya kurasa mbili, akiomba nchi hii iulize kuhusu mateso, ile iulize kuhusu ardhi. Kurasa mbili. Ya tatu haisomwi.

Kiswahili kitanisaidia, au ni lugha ya askari tu?

Swali hili huulizwa Uganda kuliko kwingine, na sote tunajua kwa nini. Wazee wetu wengi walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Lakini Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Kwenye Umoja wa Mataifa hakimo kati ya zile lugha sita rasmi, hilo ulijue.

Faida yake kubwa haiko kwenye matangazo hayo. Iko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Wakongo waliojaa kwenye makazi hayo huzungumza Kiswahili chao. Maafisa kadhaa wa ulinzi wa wakimbizi walianza kama wakalimani wa malipo ya siku. Angalizo: Kiswahili cha Bukavu na cha Bombo si cha kitabu cha shule. Sikiliza kwanza, usimsahihishe mtu anayekueleza alivyobakwa. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nimeona ikifanyika.

Lugha inayowakata Waganda wengi ni Kifaransa. Matangazo ya kazi ya Kinshasa, Bujumbura, Bangui na mengi ya Geneva yanaitaka. Anza mapema.

Nitaingiaje Wizara ya Mambo ya Nje?

Nafasi za maafisa wa chini hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Unaomba, unafanya mtihani, unasailiwa, unasubiri. Ukipita unaanzia Kampala kwenye meza ya kanda fulani, ukiandika muhtasari wa mikutano na kupokea wageni Entebbe usiku wa manane, kabla ya kupelekwa ubalozini kama katibu wa tatu. Kisha unapanda ngazi: katibu wa pili, wa kwanza, mshauri, waziri mshauri.

Ngazi ya juu kabisa haipandwi hivyo. Balozi huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge, kwa mujibu wa Kifungu cha 122 cha Katiba, na orodha za uteuzi hujaa wanasiasa walioshindwa uchaguzi na maafisa wa jeshi. Afisa wa kazi anaweza kustaafu akiwa amewafundisha mabalozi wanne namna ya kushika hati za utambulisho. Ukiwa na moyo mwepesi wa kuudhika, fikiria tena.

Na kazi za Umoja wa Mataifa?

Kwanza: hakuna ada. Umoja wa Mataifa hautozi pesa ya fomu, ya usaili, ya mafunzo wala ya viza. Yule bwana wa Kampala anayeuza "nafasi ya Entebbe" kwa mobile money ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho cha bluu shingoni, hata akiwa ni mtu wa kanisani kwenu.

Njia halali ni hizi. Kituo cha huduma cha kanda kilichoko Entebbe huajiri raia kwenye kazi za utawala na fedha. Mashirika yaliyoko Kampala huajiri maafisa wa kitaifa, ngazi ambayo Waganda wengi huidharau kimakosa; ndiyo inayokupa uzoefu unaohesabika. Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa hulipa posho ya kuishi. Mtihani wa vijana wataalamu ni wa wenye umri usiozidi miaka 32 kutoka nchi zilizoorodheshwa mwaka huo, na orodha hubadilika, basi iangalie kila mwaka. Nafasi za maafisa wachanga hulipiwa na nchi tajiri, nyingi kwa ajili ya raia wao. Mafunzo kazini ya sekretarieti hayana mshahara, na kodi ya chumba Geneva haikusamehi kwa sababu unatetea wanyonge.

Halafu kuna vyeo vinavyosikika vikubwa na havina mshahara kabisa. Margaret Sekaggya, aliyekuwa hakimu, kisha jaji, kisha mwenyekiti wa kwanza wa tume yetu ya haki za binadamu, alikuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki kuanzia 2008 hadi 2014. Wataalamu hao hawalipwi kwa kazi hiyo. Hupewa nauli, ofisi ya kuwasaidia, na barua za serikali zilizokasirika.

Nitalazimika kutetea watu nisiokubaliana nao?

Ndiyo. Kama hilo ni gumu kwako, kuna kazi nyingine nzuri.

Susan Kigula na wafungwa wenzake 417 walikuwa wamehukumiwa kunyongwa. Hawakuwa malaika, na familia za waliouawa zilikuwepo na uchungu wao. Hata hivyo walikwenda Mahakama ya Katiba, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba hukumu ya kifo ya lazima, ile inayomfunga jaji mikono asiangalie mazingira ya kosa, ni kinyume cha Katiba. Na kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa baada ya rufaa ya mwisho, adhabu yake igeuzwe kifungo cha maisha. Foundation for Human Rights Initiative ilikuwa nyuma ya shauri hilo. Mkurugenzi wake, Livingstone Sewanyana, baadaye akawa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa. Mfuatano huo nauonyesha makusudi: kazi ya Luzira ndiyo iliyompeleka Geneva.

Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule, akakua akawa kamanda, na Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikamtia hatiani kwa makosa 61. Alipewa miaka 25. Mawakili wa Kiganda walimtetea. Mawakili wengine wa Kiganda waliwawakilisha waathirika. Wote walikuwa wanafanya kazi ya haki za binadamu.

Na kuna sheria ya 2023 dhidi ya mashoga, ambayo Mahakama ya Katiba iliiacha isimame kwa sehemu kubwa Aprili 2024. Utaulizwa habari zake kwenye kila usaili wa nje, na mjomba atakuuliza kwenye kila harusi. Dini yako ni yako. Lakini mtu akifukuzwa nyumba au akipigwa mahabusu, mlalamikaji ni mlalamikaji. Daftari ni lilelile.

Inalipa?

Kimataifa, vizuri. Nyumbani, kwa kusuasua, kwa sababu mishahara inategemea wafadhili. Mfuko wa Democratic Governance Facility, uliobeba mashirika mengi, ulisimamishwa na serikali mwaka 2021. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini ilifungwa Agosti 2023 baada ya serikali kukataa kuiongezea muda. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, na watu waliokuwa na mikopo ya nyumba wakarudi kijijini. Uwe na ujuzi wa pili unaouzika: uhasibu, takwimu, ukalimani, uwakili wa kawaida wa mikataba na mirathi.

Ni hatari?

Kwa mwanadiplomasia, kidogo. Kinga ya Mkataba wa Vienna wa 1961 ipo. Mtetezi hana kinga hiyo. Ofisi huvunjwa usiku na kompyuta tu ndizo huondoka. Akaunti za benki hufungwa. DefendDefenders, yenye makao Kampala tangu 2005, husaidia watetezi wa kanda nzima walio hatarini, hata kuwahamisha kwa muda. Hifadhi nambari yao kabla hujaihitaji, na usiweke majina ya mashahidi kwenye simu unayokwenda nayo disko.

Ukishaitumikia serikali, unaweza kurudi kwenye utetezi?

Unaweza, lakini utaulizwa ulikuwa wapi mwaka fulani na ulisaini nini. Safari ya kutoka utetezi kwenda serikalini ni rahisi zaidi, na ndiyo maana wengi huipita njia moja tu.

Mwanangu yuko S4, kidato cha nne. Achukue masomo gani?

Historia na fasihi, kwa ajili ya kusoma sana na kuandika wazi. Kifaransa kama shule ina mwalimu, Kiswahili kwa vyovyote. Asiitupe hisabati: ripoti nyingi za haki za binadamu hukosolewa kwenye jedwali, si kwenye maelezo. Na likizo ndefu baada ya S6, badala ya kumtafutia semina ya uongozi, mpeleke akakae mahakama ya hakimu iliyo karibu nanyi. Mlango uko wazi kwa umma, na kiti cha nyuma hakina malipo.